Sufuria tunayoiogopa, risasi tusiyoipima

Ujumbe umeshanifikia mara kadhaa, kila mara kutoka kwa ndugu tofauti, na kila mara ukiwa na alama za mshangao zisizo na idadi: wazungu wamegundua kwamba wazee wanaosahau wamepungukiwa na lithiamu, kwa hiyo mama atafutiwe vidonge mapema. Jumbe za aina hii kwa kawaida huzifuta bila kuzisoma. Huu sikuufuta, kwa sababu chini yake kuna utafiti wa kweli, tena mzuri.

Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Nature mwezi Agosti 2025. Kikosi cha Bruce Yankner wa Chuo Kikuu cha Harvard kilichukua ubongo wa watu waliofariki, wengine wakiwa na akili timamu hadi siku zao za mwisho, wengine wakiwa wameanza kusahausahau, na wengine wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer uliokomaa. Wakapima metali 27 kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Kati ya zote, lithiamu ndiyo iliyoonekana kupungua tangu hatua za mwanzo kabisa. Wakaona pia kwamba mabonge ya protini ya amiloidi, yale yanayojazana kwenye ubongo wa mgonjwa, huinasa lithiamu na kuifungia humo. Panya walionyimwa lithiamu kwenye chakula waliharibika ubongo na kumbukumbu kwa kasi zaidi. Waliopewa lithiamu ya aina ya oroteti, kwa kiasi kidogo kama sehemu moja ya elfu ya kile wanachopewa wagonjwa wa akili, walipata nafuu.

Walikuwa panya, na hapo ndipo ujumbe wa WhatsApp unapochechemea. Hakuna mgonjwa hata mmoja wa Alzheimer aliyetibiwa katika utafiti ule. Lithiamu ya hospitali, ambayo madaktari wa magonjwa ya akili wameijua tangu kazi ya John Cade wa Australia mwaka 1949, inaweza kuumiza figo na tezi ya shingo, na anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara kwa kuwa kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Bibi wa miaka 75 mwenye presha, anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, ni mtu wa mwisho kabisa wa kujaribiwa kitu kilichoagizwa mtandaoni.

Kinachonikera ni kikubwa kuliko lithiamu. Tumezoea kuziachia habari za maabara za mbali zituchagulie metali ya kuogopa na metali ya kutamani, wakati zile ambazo madhara yake kwa ubongo yalithibitishwa zamani zinaendelea kuingia kwenye miili ya watoto wetu bila mtu kuzipima. Ili kuona jinsi jambo hili lilivyopinda, inabidi tuingie kidogo kwenye maabara.

Mashine inayotumika siku hizi kwa kazi ya kupima metali huunguza sampuli ndani ya gesi ya agoni iliyopashwa moto kwa maelfu ya nyuzi, hadi kila kitu kivunjike na kuwa atomu zenye chaji, kisha huzipanga atomu hizo kwa uzito na kuzihesabu. Kwa metali nyingi inaweza kuona gramu moja iliyoyeyuka katika tani milioni moja za maji. Ni chombo cha ajabu, lakini kinaweza kudanganya kwa namna ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifikiria. Agoni yenyewe ina uzito wa 40. Ikiungana na klorini yenye uzito wa 35, zinafanya 75, ambao ndio uzito wa aseniki. Damu na mkojo vimejaa klorini kwa sababu vimejaa chumvi. Mpimaji asiyejua kazi yake anaweza kuikuta sumu ya aseniki kwa mtu ambaye kosa lake ni kula chumvi tu. Agoni na oksijeni zinafanya 56, uzito wa chuma. Mashine za sasa zina njia za kuuvunja uongo huu, kwa mfano kupitisha atomu kwenye chemba ya gesi ya heliamu, ila lazima awepo mtu anayejua kwamba uongo upo.

Kabla hata ya mashine kuna mikono, vumbi na chupa. Clair Patterson, Mmarekani aliyetuambia mwaka 1956 kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, alifika hapo baada ya kusumbuka kwa miaka na metali ya risasi isiyoeleweka iliyokuwa ikitokea kwenye kila sampuli yake. Ilikuwa ikitoka hewani, kwenye nguo, kwenye nywele za wapimaji, kwenye vyombo vya kioo. Akajenga maabara inayosafishwa kupita chumba cha upasuaji, na humo ndimo alimogundua kwamba wenzake wengi waliokuwa wakipima risasi kwenye bahari na vyakula walikuwa wakipima uchafu wa maabara zao wenyewe. Mwaka 1980, yeye na Dorothy Settle walipima nyama ya samaki aina ya jodari aliyevuliwa tu, wakapata kiasi kidogo zaidi ya mara elfu moja kuliko kile kilichotangazwa na maabara ya serikali ya nchi yao. Samaki wa pande zote mbili walikuwa salama. Tatizo lilikuwa kwamba kipimo chenye uchafu kiliwafanya jodari wa baharini na jodari wa kopo lililochomelewa kwa risasi waonekane karibu sawa, na hivyo kopo likapona lawama.

Sasa njoo kwenye sufuria.

Karibu kila familia ya Afrika Mashariki imewahi kusikia kwamba sufuria ya alumini inaleta usahaulifu. Hofu hiyo ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1965 watafiti walidunga chumvi ya alumini kwenye ubongo wa sungura na kuona nyuzi za neva zikisokotana kwa namna iliyofanana, kwa mbali, na ile ya Alzheimer. Mwaka 1973 watafiti wa Canada wakaripoti alumini nyingi kwenye baadhi ya sehemu za ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine, kwa maji yenye alumini, walikuwa wakipoteza usemi, wakitetemeka na kuchanganyikiwa hadi kufa. Hili la mwisho lilikuwa kweli tupu, na maji ya mashine yaliposafishwa ugonjwa ule ukatoweka. Lakini kwa mtu mwenye figo zima, alumini inayomezwa na chakula hupita karibu yote bila kuingia mwilini, na hiyo inayoingia figo huitoa. Watu wakaziunganisha habari tatu zisizofanana wakapata moja.

Mwaka 1992 wanasayansi wa Oxford wakaelekeza mwali wa chembe za nyuklia kwenye mabonge yenyewe ya ubongo wa wagonjwa, moja baada ya jingine, kwenye vipande vya ubongo visivyotiwa rangi. Hawakuikuta alumini humo. Walipoangalia vipande vilivyotiwa rangi na dawa za kawaida za maabara, alumini ikajitokeza. Ilikuwa imeletwa na rangi. Kwa hiyo sehemu ya ushahidi uliozifanya familia nyingi zitupe sufuria ilikuwa imetoka kwenye chupa ya maabara, kama risasi ya Patterson. Mjadala wa kitaaluma haukufa siku ile, na wapo wanaouendeleza hadi leo, lakini wengi wa wataalamu wa Alzheimer walihamia kwenye maswali mengine.

Na hapa pana kejeli inayouma. Sufuria nyingi za bei nafuu sokoni zinasubiwa na mafundi wetu kwa kuyeyusha skrepa: vipande vya injini, rejeta, makopo, mabaki ya nyaya. Skrepa haichagui. Watafiti waliopima sufuria za kusubu za Cameroon, na baadaye za nchi nyingine zinazoendelea, walizikuta baadhi zikitoa risasi kwenye chakula kinapochemka, hasa chakula chenye uchachu. Kwa risasi hakuna mjadala: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inashusha uwezo wa akili, inaharibu umakini, na ikizidi inaleta degedege na kifo. Basi tumeshika chombo kile kile tukakiogopa kwa metali isiyo na kesi, na yenye kesi ikabaki inachemka na mchuzi wa nyanya.

Tuseme basi kipimo ni safi, mashine haidanganyi, na metali kweli imezidi kwenye ubongo wa mgonjwa. Je, tumempata mhalifu? Kwa ugonjwa wa Parkinson tulidhani hivyo. Tangu mwaka 1924 ilishaandikwa kwamba chuma hurundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hao, na vipimo vya baadaye vikakubaliana, hasa kwenye eneo dogo jeusi linalotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili. Chuma kikizidi huleta kutu ya aina yake ndani ya seli. Hoja ilikuwa nzuri kiasi kwamba kilichobaki ni kukiondoa. Matokeo ya jaribio la Ulaya yakatangazwa mwishoni mwa mwaka 2022: wagonjwa wapya 372 ambao walikuwa hawajaanza dawa za Parkinson, nusu wakipewa deferiproni, dawa inayonasa chuma na kukitoa, nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 36.

Picha za ubongo zilionyesha kwamba dawa ilifanya kazi yake na chuma kikapungua. Wagonjwa wakazidiwa. Kwenye kipimo cha dalili, hali ya waliopewa dawa ilizorota kwa pointi 15.6, ya wenzao kwa 6.3. Asilimia 22 ya waliomeza deferiproni ilibidi waanzishiwe matibabu ya kawaida kwa sababu hali ilikuwa inaharibika, dhidi ya asilimia 2.7 upande wa pili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kimeng'enya kinachotengeneza dopamini kinahitaji chuma ili kifanye kazi. Wagonjwa walinyang'anywa kilekile kilichokuwa kinawasaidia kusimama. Huko Australia dawa hiyohiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, na nao, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2024, walipoteza uwezo wa akili haraka zaidi ya wenzao.

Mimi hukumbuka jaribio hilo kila nikisoma kwamba metali fulani "imehusishwa" na ugonjwa fulani. Anayeokotwa kwenye eneo la tukio anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa jirani aliyekuja kuzima moto.

Zipo kesi zilizofungwa vizuri. Ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa mwaka 1912, ni mmoja: mwili unarithi kasoro ya kushindwa kutoa shaba, shaba inajaa kwenye ini na ubongo, kijana anaanza kutetemeka, kukakamaa, hata kubadilika tabia, na machoni huota duara la rangi ya kahawia. Dawa ya kumeza ya kuitoa shaba ilipatikana mwaka 1956, jeni lenye kasoro likajulikana mwaka 1993. Ukiitoa shaba mapema mtu anapona au anabaki salama. Hapo ndipo metali inapokuwa chanzo: ukiondoa, ugonjwa unarudi nyuma.

Zebaki ndiyo kesi iliyogharimu zaidi. Tarehe 1 Mei 1956, daktari Hosokawa Hajime wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, katika mji wa Minamata nchini Japani, alitoa taarifa ya ugonjwa wa neva usiojulikana. Paka wa wavuvi walikuwa wameshaanza kucheza ngoma na kujitupa baharini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliipima ghuba na tatizo lao halikuwa kukosa metali, zilikuwa nyingi mno. Kwanza wakashuku manganizi, kisha seleniamu, kisha thaliamu. Mwaka 1958 daktari Mwingereza, Douglas McAlpine, aliwaona wagonjwa na kusema dalili zao, kuona kama ndani ya bomba, kutosikia, kuyumba, zinafanana na za wafanyakazi wa kiwanda cha dawa za mbegu walioelezwa Uingereza mwaka 1940, waliodhurika na zebaki methili, yaani zebaki ya kikaboni, iliyoungana na kaboni. Dalili ndizo zilizoiambia mashine itafute nini. Zebaki ikatangazwa mwaka 1959.

Kampuni ikajibu kwamba inatumia zebaki isiyo ya kikaboni, ambayo haileti ugonjwa ule. Kwa maneno yalivyo, nusu ya hoja ilikuwa kweli, kwa kuwa umbo la metali ndilo linaloamua inapokwenda mwilini. Zebaki methili huvuka hadi ubongoni na hata kwa mtoto tumboni. Kumbe ilikuwa ikizaliwa ndani ya mitambo yao wenyewe. Hosokawa alikuwa ameshamlisha paka mmoja, namba 400 katika orodha yake, chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda. Paka akaugua mwezi Oktoba 1959. Wakubwa wake wakalifunika jambo hilo, na maji taka yakaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968.

Nayasema haya ya Japani kwa sababu mkataba wa kimataifa wa zebaki unaitwa kwa jina la mji huo, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania imo ndani yake. Na zebaki ipo kwetu, kwenye mialo ya dhahabu ya Geita, Chunya na kwingineko. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, zebaki inamwagwa ili ishikane na dhahabu, donge linakamuliwa kwa kitambaa, halafu linachomwa motoni. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mara nyingi kazi hiyo inafanyika pasipo kifaa cha kunasa mvuke, nyuma ya nyumba, watoto wakiwa hapohapo. Mwaka 2003 watafiti walipima wakazi wa Rwamagasa, Geita, wakawalinganisha na watu wa Katoro, na waliokutwa wameathirika zaidi walikuwa ni wachomaji: mikono inayotetemeka, mwendo usio na mizani.

Hapo napo kuna mtego ambao mradi wowote wa kupima unaweza kuangukia. Zebaki ya mvuke huonekana vizuri kwenye mkojo. Ile ya kikaboni, inayotoka kwenye samaki, huonekana kwenye nywele na damu. Ukimpima mchomaji nywele peke yake, unaweza kupima mvuke uliozigandia kwa nje na ukaandika ripoti ya samaki. Ukimpima mla samaki mkojo, unaweza kumwambia yuko salama. Wanaopeleka vikosi vya kupima kwenye mialo wanatakiwa kuamua hilo kabla ya kununua chupa, na wawe na subira ya kumweleza mchimbaji kwa nini wanataka mkojo wake.

Na hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Kwa Alzheimer na Parkinson, swali la metali bado liko wazi, na linafaa kuachiwa wenye maabara safi na miaka 20 ya kungoja. Kwa zebaki na risasi swali lilishajibiwa, na kinachokosekana ni namba kwa jina la mtu. Mtoto akipata degedege, tunafikiri malaria. Tusipoiona malaria tunafikiri homa ya uti wa mgongo, na wapo bado watakaomwita mganga aondoe dege. Ni nani atakayeandika kwenye fomu ya maabara "pima risasi"? Huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikaa ubavuni mwa makazi, Phyllis Omido alihangaika na mwanawe mgonjwa hadi pale damu ya mtoto ilipopimwa risasi. Mapambano yaliyofuata yalizaa hukumu ya mwaka 2020 iliyowapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi nzima ilisimama juu ya vipimo vya damu na udongo. Bila hivyo ingebaki malalamiko ya watu wa kijiji dhidi ya moshi.

Kipimo cha kuanzia wala si kile cha agoni. Kuna mashine ndogo zinazobebeka, zinapima risasi kwa tone la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika chache. Ubaya wake ni uleule wa Patterson: vumbi la risasi kwenye ngozi ya kidole likiingia kwenye tone, mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Kwa hiyo mtoto anaoshwa mikono kwa sabuni, anafutwa kwa pamba yenye spiriti, hagusi kitu tena, wala nguo yake, mpaka achomwe, na tone la kwanza linafutwa. Nesi wa zahanati anaweza kujifunza hayo asubuhi moja. Watakaoonekana kuzidi wapelekewe sampuli ya damu ya mshipa kwenye maabara kubwa kuthibitisha. Ningependa kuona wizara zetu zikianza na mitaa inayovunja betri, karakana za kusubu sufuria, na vijiji vya karasha, kabla ya kutoa senti kwa semina nyingine ya uhamasishaji.

Na kipimo kikitoka, pesa ya udongo iwepo. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, dhahabu yenye mawe ya risasi ilikuwa inasagwa majumbani, na watoto zaidi ya 400 walikufa, wengi wakiwa na degedege. Dawa za kuitoa risasi mwilini zilikuwepo. Lakini madaktari walikataa kuzitoa kwenye kijiji ambacho uwanja haujasafishwa, kwa kuwa mtoto angerudi kutambaa kwenye vumbi lilelile na kujaa upya. Vijiji saba vilisafishwa kwanza. Bagega, kilicho kikubwa zaidi, kilingoja fedha za serikali hadi mwaka 2013, na watoto wake wakangoja nacho.